Bisibisi Yako Imepatikana, Mtani

Mtani wangu mpendwa, Masanja,

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma wa Bariadi na vitongoji vyake kwamba bisibisi ndogo yenye mpini mwekundu, iliyopotea kiwandani msimu wa pamba uliopita na kuwafanya watu wazima wawili wagombane kwenye simu, imepatikana ikiwa na afya njema. Mtuhumiwa mkuu, yaani mimi, ameachiwa huru. Anasubiri kuombwa radhi.

Atasubiri sana, najua. Mimi mwenyewe nilishika koleo siku tuliyokufukia kule Lalago.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza hapo kiwandani? Ulinipa draivu, lile boksi linalopanga kasi ya mota, nifunge nyaya za kirungu cha kuongezea na kupunguzia. Nikazigeuza. Ukipunguza, mkanda unakimbia, ukiongeza, unazubaa. Pamba ikatuvaa hadi kwenye kope. Ukakaa chini ukacheka huku umejishika mbavu.

"Huyu Mzaramo kaletwa na nani? Kwao wamezoea ngoma tu!"

"Na wewe Msukuma, mota utaipigia mluzi kama ng'ombe?"

Tangu hapo tukawa watani wa kweli, si wa kabila tu. Ukanifundisha tabia yako ya kuvuta kila waya baada ya kuufunga kwenye terminali, pale unapobanwa kwa skrubu. "Vuta, Mzaramo. Vuta kama unamtoa ndama." Ukanikataza kulaza nyaya nyembamba za kuongozea pamoja na nene za mota, eti wembamba watasikia makelele ya wanene na kuchanganyikiwa. Na kila kibarua mgeni ulimpeleka kwenye kitufe chekundu cha dharura. Ulimweleza kwamba waya wake una umeme muda wote, ukikatika tu, hata kwa bahati mbaya, draivu inasimamisha mota. "Ni kama mlinzi anayepiga filimbi," ulisema. "Akinyamaza, simama kwanza."

Kwa hiyo watu wote walikiamini kitufe kile. Ndiyo maana leo nina shida.

Maana walikuona kwa macho yao. Mkanda ulikuwa umekwama, ukabonyeza kitufe chekundu, ukainama ndani kuitoa pamba, na mashine ikawaka yenyewe. Mimi nilikuwa Bukundi natengeneza pampu ya maji. Niliporudi kuzika, maneno yalikuwa yameshakomaa: mashine iliyozimwa na fundi mwenyewe haiwezi kuwaka bila mkono wa mtu. Na mtu akapatikana. Shangazi yako Kabula.

Asubuhi ile alikuja getini kudai ng'ombe wake uliyemwazima kwa kulimia. Mlinzi alimsikia akisema, "Usipomrudisha, utanitambua!" Basi. Neno ambalo kila shangazi wa Simiyu humwambia mpwa wake kabla hajamkaribisha uji.

Sasa hivi yuko kwangu. Alitoka Lalago baada ya kuamka na kukuta mlango wake umezibwa kwa miiba, na jirani anamwambia safari ijayo haitakuwa miiba. Anakaa uani, anachambua choroko, kisha anaacha kazi mikono ikiwa bado ndani ya ungo. Jana kaniuliza, "Baba, mimi nilimfanya nini Masanja?" Nikajifanya namwita kuku.

Wiki iliyopita meneja alinipa ufunguo wa paneli, kabati la nyaya za mashine, iliyokuwa imefungwa tangu siku ile. Bisibisi ilikuwa chini kabisa, nyuma ya nyaya. Nikainua macho kwenye terminali za draivu, nikaona kilichokuwepo. Nikafunga mlango, nikakaa palepale ulipokaa kunicheka.

Jumapili watu wakakusanyika kwenu kumaliza matanga. Mimi ni mtani, nina ruhusa ya kusema chochote juu ya marehemu, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Nikasimama. Nikasema, "Msimtafute mchawi. Masanja kauawa na kipande cha waya alichokifunga mwenyewe!"

Wakacheka, Masanja. Wakacheka mpaka wajane wakafuta machozi, wakanirushia sarafu kama mtani aliyefanya kazi yake vizuri. Kaka yako akanipiga begani: "Mzaramo we! Hata msibani?" Nilipomshika mkono nikamwambia ni kweli, akanitazama kwa huruma. "Mambo ya huku huyajui, ndugu yangu."

Miaka yote nimekuwa nikisema upuuzi, na siku niliyosema la maana hakuna aliyelitambua. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, ili kaka yako asomewe, na majirani wa Lalago pia. Nisamehe, kwa sababu nitakuvua nguo mbele za watu. Wewe hakuna wa kukuzibia mlango kwa miiba.

Hapa sitanii tena.

Siku ile waya wa kitufe chekundu ulikuwa umelegea mahali fulani kwa mtikisiko, na mkanda ulikuwa ukisimama kila mara. Matela ya pamba yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, watu wanapiga honi na kukuita kwa jina. Ukafungua paneli, ukakata kipande kifupi cha waya, ukakifunga kwenye draivu ili ipate umeme wake hata kitufe kikibonyezwa. Yaani ulimziba mlinzi mdomo, kazi iendelee. Bisibisi ikakuponyoka. Mchana, kwa haraka zako umesahau uliishika wapi mara ya mwisho, ukanipigia simu Bukundi: "Umeondoka na bisibisi yangu, Mzaramo! Ukirudi utanitambua!" Nami nikakutukana, ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho. Pengine uliitaka ili ukitoe kile kipande.

Kisha pamba ikakwama. Draivu ikajizima kwa kuzidiwa. Ukabonyeza kitufe kwa mazoea, ukainama. Draivu ikapumzika kidogo, ikajiwasha yenyewe, kama tunavyoipangia kila msimu. Hakuna aliyekutuma. Ulikuwa umechoka na watu walikuwa wanakupigia kelele. Shangazi Kabula alikuja kudai ng'ombe wake, akaenda zake.

Nilipokiona kile kipande nilikivuta, kama ulivyonifundisha, nikiomba kiwe kimelegea, niseme si mkono wako.

Hakikutoka. Ulikuwa umekifunga vizuri.

Pumzika, ndugu yangu. Bisibisi ninayo.

Ni mimi mtani wako,
Mzaramo