Mtungi Uliokataliwa Kitahana

Mwalimu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya mtaa mzima, nakutangazia rasmi kwamba jogoo wako amehama. Amehamia kwa katekista, kwa hiari yake, bila kushawishiwa na mtu. Tulimrudisha, akaondoka tena. Sasa anawika dirishani kwa mtu yule yule aliyekuuliza mbele ya watu, hapa karakana kwangu, kama ni kweli unaabudu sanamu. Nakumbuka ulivyomjibu huku ukimenya muwa: "Katekista, Jumapili mimi ni wa Kanisa. Huyu Buddha ni wa Jumatatu mpaka Jumamosi." Alifikiri kidogo, halafu akaomba kipande cha muwa.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Nyingine ni ndogo ndogo: kwamba benchi lako hapa karakana liko pale pale na watu wanapita wakilitazama, hawalikalii, na kwamba nilikaribia kuvunja posa ya binti yangu kwa kufuata mafundisho yako.

Ngoja nikueleze, maana siku yenyewe, ya mazishi yako, ulikuwepo, ila hukuwa na la kusema.

Jeneza lako nililitengeneza mimi. Futi ya kupimia nilikuwa nayo mfukoni. Nilipoingia chumbani kukupima, nikakuta wamekufunika shuka, na chini ya shuka palikuwa na kitu kidogo, kama mtoto wa shule aliyepitiwa na usingizi. Nikatoka. Nikakata mbao kwa kumbukumbu, nikimfuata yule Mwalimu aliyekuwa akiinama kila anapopita mlango wangu. Matokeo yake jeneza likawa refu mno, halikuingia kaburini.

Kaburi lenyewe lilichimbwa na Bukuru, pacha wangu, aliyenitangulia kutoka tumboni na hajaacha kunikumbusha. Yeye na wenzake wa kijijini kwake Kitahana walikuwa wameshanawa mikono. Ikabidi washike majembe upya, mvua inanyesha, padri amefunga kitabu chake. Bukuru akainua kichwa kutoka mle shimoni, akasema kwa sauti ya kutosha Kibondo nzima: "Butoyi, tunazika mtu au tunahifadhi mahindi?"

Watu wakacheka. Wakakumbuka ni msibani, wakakohoa.

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Nikaikumbuka ile hadithi uliyonipa, ya mtu aliyemwendea Buddha na gunia la matusi. Buddha akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza: ukimwandalia mgeni chakula asikile, kinabaki cha nani? Changu, akasema yule mtu. Basi na haya matusi sikuyapokea, rudi nayo kwako. Nilikuwa naipenda hadithi ile, Mwalimu. Niliitunza kama msumari mzuri, nikisubiri ubao wake.

Nikanyamaza.

"Nasema na wewe, Butoyi."

Nikavuta pumzi, kama ulivyonifundisha.

"Mimi ni mbuzi?"

Nikatoa pumzi.

Hadithi ile ni ya nchi nyingine. Kwetu mgeni akikataa chakula, hakibaki cha mwenye nyumba, kinakuwa mashtaka. Ni kama umesema kina sumu. Na mdogo akimnyamazia mkubwa wake mbele ya watu, asimwitikie hata "ego" moja, ile ndiyo yetu Waha, hajakataa tusi: ametukana yeye, tena vibaya zaidi. Wewe Mgogo uliyekaa kwetu mpaka ukasahau njia ya Dodoma, ulipaswa kunionya.

Bukuru akapanda kutoka shimoni, matope mpaka magotini. Akatangaza kwamba wakwe wa binti yangu Nyamwiza wakija, nimtafutie baba mkubwa mwingine.

Ulihudhuria shughuli zetu za kutosha kujua maana yake. Baba hamsemei binti yake. Anakaa pembeni kama mpita njia, na baba mkubwa ndiye anayepokea mtungi wa wakwe. Akionja, posa imekubaliwa. Asipoonja, wakwe wanageuza na mtungi wao, wanarudi zao Kasulu, na binti anabaki ana sifa ya kukataliwa na ukoo wake mwenyewe. Kaka mwingine sina.

Nyamwiza hakulia. Alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza, "Baba, huyo Mwalimu wako alikuwa na watoto?"

"Hakuwa nao."

"Nilijua."

Siku zile nilikaa mimi kwenye benchi lako, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu. Nilikuwa nimekasirika na Bukuru, na nawe, na huyo Buddha pia, ambaye inaonekana hakuwahi kuozesha binti huku Buha. Nikafanya lile zoezi la kukaa na kuitazama hasira bila kuifukuza wala kuikaribisha. Lilinichosha. Lakini ukiitazama hasira muda mrefu, inachoka yenyewe na kusogea, na nyuma yake sikumkuta Bukuru. Nilikuta kile kitu kidogo chini ya shuka.

Nikakaa nacho pale. Siwezi kukueleza vizuri.

Baadaye nikawaza: huyu Bukuru, ambaye wanawe wote walijifunza kusoma kwako, aliomba mwenyewe kuchimba kaburi lako. Wengine wanalia kwa macho. Yeye analia kwa mdomo mchafu. Na nikakumbuka neno lako jingine, siku niliyolalamika kwamba haya mafundisho yanagongana na maisha. Ulisema, "Si amri, Butoyi. Ni randa. Ukiona inachana ubao, geuza upande."

Nikageuza upande. Nikabeba mtungi wa pombe ya ndizi mpaka Kitahana.

Nilimkuta uani anapiga maharage kwa fimbo. Nikapiga makofi ya salamu, nikainama kama inavyotakiwa. Hakuitika. Nikaweka mtungi kivulini, na mirija miwili.

"Rudi nayo," akasema. "Nimeikataa."

"Nimesikia, kaka."

Basi, kwa mujibu wa Buddha, pombe ilikuwa yangu. Nikakaa chini nikaanza kuinywa. Shemeji akachungulia, akarudi ndani haraka, na nikasikia anacheka na sufuria. Bukuru akapiga maharage kwa nguvu, mengine yakaruka mpaka kwa jirani.

"Unakunywa nini kwenye uwanja wangu?"

"Pombe yangu. Si umeikataa?"

"Imechacha hiyo."

"Haijachacha."

"Naisikia harufu kutoka hapa. Hujawahi kujua pombe, wewe. Hata mama alisema."

"Huwezi kujua bila kuonja, kaka."

Akaweka fimbo chini. Akaja, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya ukweli. Akavuta mrija. Akavuta kwa muda mrefu. "Imechacha," akasema, na akavuta tena ili kuhakikisha. Tukahakikisha mpaka jua likaegemea milima.

Neno la msamaha halikutajwa. Sisi si watu wa hivyo. Ila pombe ilipofika chini, akaniuliza, akitazama maharage yake: "Mninga ule wa jeneza uliutoa wapi?"

"Nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya kitanda changu."

Akaokota punje iliyoruka. "Mwalimu alikuwa mrefu," akasema.

"Alikuwa mrefu."

Siku ya wakwe alikuja. Alivaa koti. Aliupokea mtungi, akaonja, akamsifia Nyamwiza mpaka mimi mwenyewe nikatamani kujua binti huyo ni wa nani. Kasulu imekubali, ukoo umekubali, arusi ni baada ya mavuno. Nyamwiza amesema utakuwa umesamehewa akifika kwa mumewe salama, si kabla.

Kwa hiyo lala, rafiki yangu. Una nafasi ya kutosha humo, geuka utakavyo. Sikuahidi kwamba nitakuwa mtu wa Buddha, na katekista ameshaniuliza. Ninachokuahidi ni hiki: kila asubuhi nitakaa kidogo kwenye benchi kabla ya kushika randa, na Bukuru nitampelekea mtungi mwingine, safari hii bila posa wala msiba, kwa sababu tu ni kaka yangu na njia ya Kitahana naijua.

Ningempelekea leo. Ndizi bado mbichi.

Butoyi