Paka Mafuta Kwanza

Mpendwa mama mkwe,

Mfenesi wako nyuma ya jiko bado umesimama. Nakuambia mapema ili upumzike vizuri, maana mti huo ulikuwa karibu kuwa milango.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza hapa Muhuru Bay? Ulinipa kisu na fenesi kubwa kama mbuzi, ukasema, "Nyar Uriri, paka mafuta kwanza." Mimi binti wa Uriri nikadhani ni mapambo. Ulinipaka mwenyewe, vidole mpaka viwiko, kwa sababu utomvu wa fenesi ukishika hauachi, na maji hauyaogopi. Halafu mbegu: kuosha ute, kuanika, kuchemsha kwa chumvi mpaka ziive kabisa. "Mbichi itakusumbua tumbo mpaka asubuhi," ulisema, ukimtazama mwanao mdogo Odhiambo, ambaye alishawahi kujaribu.

Ni huyo huyo. Juzi alikuja na fundi mwenye msumeno wa petroli. Eti mti unachafua boma, na mbao zake ni nzuri. Mume wangu alikuwa kisiwani Takawiri kwa samaki, na mimi ni mke aliyeolewa tu. Lakini huo mti uliupanda kwa mkono wako. Sikubishana.

"Shemeji, mtakataje na njaa? Kuna fenesi limeiva, pasueni mle."

Kisu niliwapa. Mafuta hawakuuliza.

Kabla hawajafika katikati, fundi alikuwa hawezi kuachanisha vidole, sembuse kushika msumeno. Odhiambo alinawa kwa sabuni, haikusaidia, akajipangusa kwenye suruali yake ya mikutano. Mkono ukabaki pale pale.

"Shemeji, leta kitu."

"Kitu gani?"

"Kile cha mama."

Nikaleta chupa, nikawasugua polepole, kama ulivyonisugua mimi. Mbegu za fenesi la awali zilikuwa zimeiva jikoni. Odhiambo alimenya moja, akaishika tu.

"Mama alikuwa ananifichia za moto kwenye leso," alisema.

Fundi akauliza aanzie upande gani.

"Anzia ule mkaratusi wangu wa barabarani," shemeji akamwambia.

Sijidai, Mama. Mti ulijitetea, mimi nilichelewesha mafuta tu. Ila nikijipaka viwiko siku hizi nakusikia nyuma yangu, na sioni upweke.

Chupa iko pale pale, nyuma ya mlango. Mjukuu wako ameanza kuuliza ni ya nini. Nimemwambia ni ya mapambo, asubiri fenesi liive.

Pumzika kwa amani, Mama. Mti una mazao mengi.

Mkazamwana wako,
Nyar Uriri