Mikokoteni ya Shemeji

Jumamosi, 4 Mei

Nimerudi mezani! Miezi minne nimekuwa nikizunguka barabara ya pili ili nisiione nyumba ya Jenerali. Leo nimeingia, nimevua viatu, nimekwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Ramani ya mchezo wetu wa vita iko vilevile, imefunika meza mbili na ubao wa kupigia pasi. Vumbi kidogo. Kete zote, elfu moja na ushee, ziko palepale tulipoziacha: jeshi langu jekundu kaskazini ya mto, la Jenerali la bluu kusini. Miaka sita ya Jumamosi. Vita yenyewe, ile ya kweli, ilipiganwa miaka mitatu tu. Wafalme wale walikuwa na haraka zao.

Jenerali hakuwa jenerali wa kitu chochote. Alikuwa daktari wa meno. Lakini mbele ya ramani, mtu hatari! Mara ya mwisho nilipomwona hospitali, pumzi zenyewe za kuazima, alizitumia kuniambia: mto huvuki wewe. Nikacheka mpaka nesi akanitoa nje. Nikalia kwenye ngazi.

Leo mkewe kasimama mlangoni. Kasema mama yake anahamia kwake Jumapili ya tarehe 26, magoti yamegoma, na chumba cha kulala ni hiki hiki. Tuikunje ramani sasa, au tumalize kwanza? Nikasema tumalize, lakini nitapigana na nani? Akavuta kiti cha Jenerali, akakaa.

"Na mimi, shemeji."

Nilijizuia kucheka. Nilifaulu nusu.

Jumapili, 5 Mei

Mke wangu anasema nisimwonee mjane wa watu. Nimemwambia nitamshinda kwa adabu zote.

Maana kushinda nataka, nisijidanganye. Tangu tujuane na Jenerali sijamshinda hata vita moja. Hii ndiyo imebaki. Sina nyingine ya kumshinda tena, hata nikiishi miaka mia. Kwa hiyo nitavuka mto ule, nitautwaa mji mkuu wake, na nitaikunja ramani kwa mikono yangu nikiwa mshindi. Mpango tayari ninao kichwani. Mimi ni mpima ardhi, bwana, nimekula mshahara wa ramani tangu ujana!

Jumamosi, 11 Mei

Somo la kwanza. Nilimweleza kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mtu kuendesha baiskeli. Hawa ni askari wa miguu, hawa wa farasi, hii ni mizinga. Namba ya juu ni nguvu, ya chini ni mwendo. Dadu hutupwa hivi. Akasikiliza yote. Kisha akauliza:

"Hawa wanakula nini?"

Nikasema hawali, ni karatasi ngumu. Hakucheka. Ni mkuu wa stoo hospitali ya wilaya, dawa na pamba na mitungi ya oksijeni vyote vinapita mikononi mwake, na anaponiangalia vile najiona kama dereva aliyeleta mzigo bila hati. Akainama kwenye boksi, akatoka na mfuko wa nailoni ambao haujafunguliwa tangu dukani. Mikokoteni! Kete ndogo za kahawia, zimejaa tele.

Nikamweleza. Mwaka wa kwanza mimi na Jenerali tuliisoma kanuni ya mikokoteni, tukaangaliana, tukaurudisha mfuko kwenye boksi. Kanuni inasema jeshi lisilo na mkokoteni karibu yake linapoteza kete moja kila zamu, kwa njaa. Tukasema huo ni ukarani, siyo vita. Tukapeana mikono.

"Nyinyi mlipeana mikono," alisema. "Mimi sijampa mtu mkono."

Basi nikaona nimwonyeshe uungwana. Nikasema iweke, shemeji, pande zote mbili, kanuni ni kanuni! Ya kwangu nikaipanga kwenye kona ya kaskazini, ikae isitusumbue. Mwanamke katumia saa nzima kusogeza mikokoteni yake, na hakutupa dadu hata mara moja. Nilipiga miayo mitatu. Kwa adabu.

Jumatano, 15 Mei

NIMEVUKA MTO!!

Tulikubaliana tuongeze na siku za kazi jioni, maana tarehe haitungoji. Nimefika na koti la kazini, nimekaa, nimepiga darajani kwa mizinga yote, dadu ikatoa sita, ikatoa sita tena. Jeshi lake likarudi nyuma, na lile jeshi langu kubwa, lote, likapita. Miaka sita! Nilisimama, nikazunguka meza. Nikamwangalia Jenerali kwenye picha ya ukutani, nikamwambia, unaona?

Shemeji hakukasirika. Alisema miaka yote ile alikuwa akisikia tunavyocheka humu ndani, yeye yuko jikoni, na alikuwa akiuonea wivu ubao wa pasi. Alitaka kujua tulikuwa tunacheka nini hasa. Nikajaribu kumsimulia kichekesho kimoja. Hakikuchekesha. Ilibidi uwepo.

Halafu akasogeza mikokoteni yake.

Nimempigia mke wangu simu kutoka barabarani. Kasema hongera baba watoto, pitia mkate.

Jumamosi, 18 Mei

Sijui niandike vipi.

Askari wake wa farasi. Wale niliowadharau kwa sababu ni wachache, niliona wanakimbilia mashariki, nikasema wanatoroka. Hawakutoroka. Walizunguka msitu wote mpaka juu ya chanzo cha mto, mikokoteni nyuma yao kama vifaranga, wakatokea kaskazini ya mto nyuma yangu. Wakakaa juu ya daraja. Basi. Hakupiga hata risasi.

Mimi niko kusini na jeshi langu lote. Mikokoteni yangu iko kaskazini, kwenye kona, pale pale nilipoipanga ili isinisumbue.

"Zamu ya kula," akasema, na akanyoosha kiganja. Nikampa kete moja. Zamu iliyofuata, nyingine. Anazipokea taratibu na kuziweka kwenye kisahani, anazipanga.

Lakini sijaisha! Bado nina mizinga. Nitarudi darajani na kulivunja hilo zuio. Nimekuwa kwenye hali mbaya kuliko hii. Sikumbuki ni lini, lakini nimekuwa.

Jumatatu, 20 Mei

Mke wangu ana suluhisho. Anasema si mlikubaliana na marehemu kwamba mikokoteni haipo? Jeshi la bluu ni la marehemu, na makubaliano ni ya marehemu. Mwambie shemeji mnarudi kwenye desturi ya zamani, farasi wake warudi walikotoka, mambo yaishe.

Na ni kweli! Hiyo ndiyo inaniuma, kwamba ni kweli. Nikimwambia hivyo, atakubali. Kwa heshima ya mumewe atakubali, na mji mkuu nitautwaa Jumamosi bila shida.

Lakini ni mimi niliyesema iweke. Na mimi ndiye yule yule niliyegombana na Jenerali wiki tatu, hatusalimiani, kwa ajili ya kilima kimoja, kama farasi anakipanda kwa mwendo wa mbili au wa tatu. Kanuni zile nimezisoma mpaka kitabu kimeachana na gamba. Sijawahi kuchomeka hata herufi. Leo nipitie mlango wa nyuma? Hapana. Nitatoka pale kwa vita, au sitatoka.

Nitatoka. Dadu zinanipenda.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika nikiwa mezani, kwenye chumba cha nyuma. Sijawahi kuileta shajara hapa. Nimeitoa kwenye mkoba kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Kitanda cha mama mkwe wa Jenerali kimeshafika. Kimesimamishwa kwenye korido, godoro bado liko kwenye nailoni, ilibidi nipite ubavu-ubavu. Kesho saa nne bibi anaingia.

Dadu hazikunipenda. Daraja nimelipiga mara tatu, mara tatu nimerudishwa. Kisahani kimejaa wekundu. Limebaki rundo moja dogo kwenye ukingo wa mto, limezungukwa. Shambulio moja la shemeji na vita imekwisha. Akitupa moja, nimepona. Akitupa chochote kingine, basi.

Alichukua dadu. Akaitikisa kiganjani vizuri, kama mtu aliyezaliwa nayo. Nikamwambia tupa, shemeji, sikuogopi! Na kweli sikuwa naogopa. Nilikuwa nimeshajiandaa, hata hotuba ya kushindwa ninayo, ina utani ndani yake.

Hakutupa. Akaufumba mkono. Akauliza, bila kuniangalia:

"Nikitupa hii, Jumamosi ijayo utakuja kufanya nini?"

Niliangalia ubao wa pasi. Nikafikiria kesho, ramani ndani ya boksi, bibi wa watu amelala hapa, na mimi Jumamosi nyumbani nazunguka na soksi miguuni. Na yeye jikoni, na hakuna anayecheka upande huu wa ukuta. Nimemkosa Jenerali leo kuliko siku ya mazishi. Niandike hivyo hivyo: nimemkosa.

Nikafungua mdomo. Nikasema kuna kanuni. Jeshi lililozingirwa linaweza kuomba mapigano yasimame, ili pande zote mbili zizike wafu wao. Ramani inahifadhiwa ilivyo, hata ikibidi ibandikwe ukutani na kete zake. Haiguswi kete mpaka watu wamalize kuzika.

Akainua uso. Macho yamejaa, lakini hajatoa hata tone.

"Wanapewa siku ngapi?"

"Haijasema."

"Sijawahi kuiona hiyo."

"Ipo," nikasema. Kwa sauti ya mpima ardhi, ile ninayowatolea watu wanaobishana juu ya mipaka. "Ipo kitabuni. Itafute."

Haipo. Kitabu kizima nakijua kwa kichwa, na hakuna kitu kama hicho. Nimekitunga sasa hivi, mbele ya picha ya marehemu.

Amekwenda kukichukua kitabu cha kanuni rafuni. Amekaa. Dadu bado iko kwenye mkono wa kushoto, wa kulia unafungua. Mtu huyu wa stoo, ambaye hukagua shehena nzima ya dawa kabla chai haijapoa, ameanzia kwenye jalada. Anasoma jina la mchezo. Anasoma mahali ulipochapishwa. Yuko ukurasa wa pili sasa, na anapitisha kidole kwenye kila mstari.