Gari la Harusi Lililobaki Kijivu

Mwaka umetimia tangu ulipoweka msasa chini, ukanawa mikono, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo kabla ya chakula cha mchana. Hukuamka. Meza yako ya kazi ingali pale pale chini ya dirisha la chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo kabla hujaanza kuhamishia humo makopo yako, moja moja, kama mpangaji asiyetaka mwenye nyumba ashtuke.

Wengi waliokuja kutupa pole walikujua kama fundi wa kunyoosha bodi na kupaka rangi magari, na kweli ndivyo ulivyotulea. Lakini sisi tuliolala nyumba moja nawe tulijua kwamba ukitoka gereji ulirudi kwenye magari mengine, yale ya kukaa kiganjani. Wajukuu walikuita Babu Milimita, na watu wazima nao wakaliiba jina hilo.

Hukununua kitu ambacho ungeweza kukiokota. Bodi ulizikata kwenye makopo ya plastiki, ukaziba viungo kwa puti, ukasugua mpaka vumbi likafika kwenye sukari. Matairi yalitoka kwenye soli za ndala zilizokwisha. Plastiki angavu ya paketi za vidonge vyako vya presha ndiyo iliyokuwa taa za mbele, na mkeo alikuwa akisema wewe ndiye mgonjwa pekee anayemeza dawa ili apate vipuri.

Sheria yako ilikuwa moja, nayo hukuilegeza kwa mtu yeyote: gari linatengenezwa lilivyo, si linavyotakiwa kuwa. Hukupaka hata mlango mmoja bila kwenda kulishika gari lenyewe, kulitazama juani, kulichungulia uvunguni. "Gari halina rangi moja," ulitufundisha. "Paa limeliwa na jua, milango imeliwa na kokoto. Ukipaka rangi moja tu, hicho ni kidude cha kuchezea."

Mwalimu, jirani yetu, alipoliona gari lake kwenye kabati la vioo sebuleni, alifurahi mpaka alipofika kwenye bampa.

"Sasa bonde hili la nini?" akauliza. "Si nilikwambia nitalinyoosha?"

"Ukinyoosha lako, Mwalimu, na mimi nitanyoosha langu."

"Yaani unanianika mbele ya wageni wako?"

"Mimi sijagonga nguzo ya geti. Mimi nimepaka tu."

Mwezi haukuisha, Mwalimu akaleta gari gereji. Ulilinyoosha, ukarudi nyumbani, ukachukua kisu kidogo, ukalifungua bampa la kwenye kabati nalo ukalinyoosha. Hukumwambia. Alijionea mwenyewe siku nyingine alipokuja kuazima ngazi.

Na gari la mtu lilipokufa kabisa, likauzwa chuma chakavu, ulilitoa lile dogo kabatini, ukalifunga kwenye kitambaa, ukampelekea mwenyewe. Muuguzi wa kona ya juu alilia mlangoni alipopokea lake. Wewe ulisimama pale ukikagua bawaba za mlango wake, kwa kuwa hukujua macho uyapeleke wapi.

Ndiyo maana mkeo alikuwa na haki ya kuuliza. Gari lenu la kwanza, lile dogo la taa za mviringo mlilofungia harusi, lilikwenda kwenye chuma chakavu hata kabla kitinda mimba hajazaliwa.

"Umetengeneza magari ya mtaa mzima," alikuwa akikwambia. "Hata la yule anayeuza kuku. Langu mimi liko wapi?"

"Lako lina shida, mke wangu. Nitalishika wapi? Halipo."

"Basi tengeneza kwa kichwa."

"Kichwa kinadanganya."

"Nilisubiri gari lenyewe siku ya harusi mpaka nikakaribia kuolewa na mwingine. Sasa nisubiri na mwanasesere wake?"

Ulicheka, ukarudi chumba cha nyuma. Hukusema ndiyo, hukusema hapana.

Baada ya mazishi, binti yako wa kati ndiye aliyeifungua ile meza. Unamjua: anapima maji kwenye maabara, na haamini kitu mpaka akirudie. Chini ya taulo alilikuta. Lilikuwa lile dogo la taa za mviringo, matairi yamekaa, vioo vimekaa, lakini bodi yote ni kijivu kikavu, kijivu cha praima ambayo fundi huipuliza kwanza kabla ya rangi. Kwenye kioo kidogo cha nyuma kulikuwa na kipande cha tepu ya karatasi, ile ya kukinga vioo wakati wa kupaka.

Mkeo alilitazama, akalirudishia taulo.

"Ya watu kayamaliza," akasema. "Mimi kaniacha kwenye praima."

Akakataa lisiwekwe kabatini. Mwaka mzima ulipita, taulo juu. Tulimsikia akizungumza juu yako vizuri kwa kila mtu, na akifika kwenye magari ananyamaza. Jambo hilo lilituuma kuliko machozi yake.

Kwa hiyo siku ya leo ilipokaribia, kifungua mimba wako aliamua kulimaliza yeye. Wote tulikumbuka gari lile lilikuwa buluu. Tatizo likawa buluu gani.

"Mama, ya namna gani?"

"Buluu. Buluu ni buluu."

"Ziko nyingi, Mama. Ya sare za shule? Ya birika?"

"Ya gari letu! Mwambie mwenye duka, atakuelewa."

Alirudi kwenye duka la rangi mara nyingi, mpaka muuzaji akamwuliza kama kweli anatafuta rangi au anatafuta mchumba. Hatimaye mkeo akakubali kopo moja. "Hii," akasema, na kwa mara ya kwanza akauliza litakauka lini.

Jumamosi iliyopita asubuhi walitandaza magazeti juu ya meza yako. Kifungua mimba akafungua kopo, akakoroga. Binti yako alipewa kazi ya kubandua ile tepu kuukuu ili wabandike mpya.

"Inagoma," alisema.

"Tia ukucha."

"Nimetia. Kaka, hapa hakuna tepu."

"Mimi naiona, wewe unaishika, halafu haipo?"

"Njoo uguse basi."

Akagusa. Kioo kilikuwa laini kuanzia pembe hadi pembe. Binti yako akachukua ile lenzi yako yenye mpini uliofungwa waya. Haikuwa tepu. Ilikuwa rangi, ya manjano hafifu, imepakwa kwa brashi ya unywele, na kwenye pembe moja kivuli chembamba, ili tepu ionekane imeanza kubanduka.

Mtu hapaki picha ya tepu kwenye gari ambalo bado anataka kulikinga kwa tepu. Binti yako akateremka na lenzi hadi chini ya milango. Pale juu ya kijivu kulikuwa na matope: vumbi halisi la udongo uliochekechwa, limetawanywa kufuata mzunguko wa tairi.

"Kaka. Nani anapaka matope kabla ya rangi?"

"Mtu aliyechoka."

"Baba?"

Kifungua mimba alichukua kifuniko, akalifunga kopo.

Wakamwita mkeo kutoka jikoni. Binti yako hakumweleza chochote, alimwuliza tu.

"Mama, siku ya harusi yenu ilinyesha?"

"Ilinyesha wiki nzima! Viatu nilivibeba mkononi. Kwa nini?"

"Na Baba alisemaje kuhusu kupuliza rangi wakati wa mvua?"

Hilo kila mtu wa nyumba hii analijua. Hewa ikiwa na unyevu, rangi inakauka na ukungu mweupe, na fundi anayejiheshimu hapulizi. Uliwahi kumrudisha nyumbani mteja mwenye cheo chake, akaondoka akitukana.

Mkeo akaketi kwenye stuli yako. "Lakini lilikuwa buluu," akasema. "Nimelipanda miaka yote likiwa buluu."

"Miaka yote baadaye. Siku ile je?"

"Siku ile mimi nilitazama gari? Nilikuwa namtazama yeye, na ile suti ya kuazima imembana kwapani, hawezi hata kuinua mkono kupungia watu."

Binti yako akampa lenzi na kumwonyesha ndani, kiti cha abiria. Kiti cha dereva kilikuwa cheusi. Cha abiria kilikuwa kimetandikwa kipande cha kitambaa cheupe kisichozidi ukucha, kimekunjamana mahali ambapo mtu angekuwa ameketi.

"Shuka," alisema mkeo taratibu. Halafu kwa sauti: "Alitandika shuka! Aliniambia kiti kimechanika. Kumbe alikuwa anaogopa gauni langu lisishike vumbi la praima. Laghai mkubwa, kaja kunioa na gari halijapakwa!"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akainuka ghafla, akaenda chumbani.

Aliporudi alikuwa na gauni lake la harusi, lile linalokaa kwenye sanduku juu ya kabati la nguo. Kwenye kiwiko cha kulia kulikuwa na doa. Sote tulikuwa tukilijua. Alilisugua kwa kila sabuni iliyowahi kuuzwa, na lawama zote alimtupia mpiga picha, kwamba rangi ya ukuta wake ilikuwa haijakauka.

"Nimemsema vibaya yule baba wa watu miaka yote hii," alisema. "Nilifunga mlango kwa kiwiko. Mikono ilishika viatu."

Binti yako alilisogeza gari karibu na kiwiko, kwenye mwanga wa dirisha. Aliweka pia tone la praima kutoka kwenye kopo lako juu ya gazeti, akalisubiri likauke. La kopo lilikuwa kijivu baridi, kama chuma. La gauni lilikuwa limezeeka, limeingia unjano kidogo. Na bodi ya gari ilikuwa na unjano ule ule.

Alirudia na ukingo mwingine wa doa. Jibu halikubadilika.

Mkeo alikuwa hasikilizi. Alikuwa akilitazama sanduku lililo wazi.

"Hili gauni mimi nalikunja mikono ndani," alisema. "Siku zote. Nimelikuta leo mikono iko nje."

Gari zima liliyeyushwa zamani. Kilichobaki duniani ambacho mkono ungeweza kukishika ni lile doa, na wewe ulikwenda ukalishika. Lini, na ulikaa nalo kwa muda gani pale dirishani, hatujui, na hatutaziba pengo hilo kwa kubuni. Hatujui pia ulipanga kumkabidhi lini. Tunajua kwamba lilikuwa limekwisha.

Mkeo amekataa tena lisiwekwe kabatini, ila kwa sababu nyingine. "Limekuja kunichukua mimi," anasema, "si wageni." Liko kando ya kitanda, upande wako. Ile buluu imepakwa stuli yako, siku ya jua kali.

Unakumbukwa na mkeo, na kifungua mimba wako, binti yako wa kati na kitinda mimba, wakwe zako, mdogo wako aliyelisukuma gari lile kwenye tope siku ya harusi na hakuwahi kuitoa siri yako, wajukuu wa Babu Milimita, mafundi wenzako wa gereji, na Mwalimu, ambaye bampa lake lina bonde jipya na hana wa kumwaibisha.

Daima utakuwa nasi, Baba, na tutakukumbuka ulivyokuwa, si ulivyotakiwa kuwa.