Shetani Hakukupitia

Baba Salma,

Ami yako kanipigia simu jana. Jumamosi anataka kutoka huko Lewisville na wazee wawili, waje hapa Katy ninakoishi sasa, kunirudisha kwako. "Msamehe, mwanangu, shetani alimpitia tu." Nilimjibu kwa adabu, maana yeye hajanikosea.

Nawe ulikuwa ukisema hivyohivyo kila asubuhi, ukiniletea chai kitandani, mie shavu limevimba. Nikaamini. Raha zetu tulikuwa nazo pia, sikatai. Tulipofika Texas tuliziogopa barabara kuu, ukaniambia, "Wewe soma vibao, mie nishike usukani." Tukapotea mpaka petroli ikakaribia kwisha, tunacheka tu. Mtu yule nilimpenda, na ndiye anayenitia uchungu zaidi.

Siku hizi namhudumia bibi mmoja wa Kiparsi, mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake bado kitamu. Nilimsimulia habari zako nikimchana nywele. Akaniambia kuwa katika Kiavesta, lugha ya kale ya dini yao, hasira inaitwa aeshma. Asili yake ni kwenda mbio, kurukia kitu. Tena ni jina la pepo mwenye rungu la damu.

Nikadakia, "Basi ndiye huyo aliyempitia mume wangu."

"Hata! Huyo hampitii mtu, mwanangu. Watu ndo huchagua, kisha wakamkimbilia wenyewe."

Chanuo likanisimama mkononi. Nilikumbuka miwani yako. Kila mara ulianza kwa kuivua, ukaikunja, ukaiweka juu ya friji isije ikavunjika. Halafu ukafunga dirisha, majirani wasisikie. Ndipo ukanijia. Shetani gani huyo anayekungoja uhifadhi miwani kwanza?

Miaka yote hiyo nimemlaani Ibilisi kwa kazi ya mikono yako. Hilo linaniuma kuliko vipigo.

Jana Salma alisikia simu ya ami. Akauliza, "Mama, are we going back?" Nikamjibu kwa Kiswahili: haturudi. Alikwenda chumbani kwake, akayatoa madaftari aliyokuwa keshayatia mkobani.

Kwa hiyo mwambie ami asijichoshe na safari. Wazee wakikuuliza kwa nini nimekataa, usiwatajie shetani. Waonyeshe juu ya friji.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Salma