Mbegu ya Mwisho ya Komamanga

Dongyang, 9 Machi 1986

Mwanangu Caiyun,

Salamu nyingi. Hujambo? Weimin mumeo hajambo? Na tumbo je? Sisi wazima. Mama yako anasema ule mayai, uache ubishi, na ndoo za maji abebe mumeo. Mimba mbili zimetoka. Hii ya tatu ndiyo tegemeo letu.

Nakutumia kisanduku cha mkafuri. Kifunikoni nimekuchongea komamanga lililopasuka, mbegu zote nje, uzao usikatike. Miezi saba si haba! Nafurahi mpaka majirani wananicheka.

Babako

Harbin, 27 Machi

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Mtoto anapiga mateke kama punda. Kisanduku kimefika, kizuri mno, ila nimehesabu mbegu. Baba, zimetimia, hakuna hata kishimo kimoja kilichoachwa! Si wewe uliyenifundisha karakanani kwamba mbegu ya mwisho haichongwi mpaka mtoto alie? Wateja walikuwa wakikurudia na mayai mekundu ya kutangaza uzazi, uwamalizie. Weimin ananitania, ati mwalimu mzima naogopa mti. Ulikuwa na haraka gani? Nijibu nitulie.

Mwanao Caiyun

Dongyang, 10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ah, mambo ya kale hayo! Fundi wa siku hizi hangoji mtu. Wewe kula, lala, utuletee mjukuu.

Babako

Harbin, 2 Juni

Baba, shikamoo.

Nimekawia kwa sababu kalamu ilinishinda. Alizaliwa tarehe ishirini na sita Aprili. Msichana. Hakulia. Daktari anasema sitashika mimba tena.

Najua mbao haiui mtoto. Najua, Baba. Lakini kila nikifumba macho naiona patasi yako juu ya mbegu ile, na nakuchukia. Kisanduku nimekichoma. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Caiyun

Dongyang, 15 Juni

Mwanangu Caiyun,

Pole, mama.

Uliniuliza haraka ya nini, nikakujibu kwa mzaha. Jicho la kulia lilizima mwaka jana, na la kushoto linafifia. Niliogopa mtoto akija nisione pa kuweka patasi. Nilikuficha usije ukahangaika na mimba. Nilikosa.

Nimekusikia, sitaandika tena. Ila ukiandika, andika maandishi makubwa, na usikawie sana. Mama yako hajui kusoma.

Babako