Viatu vya Dachesi Havijaisha

Mshauri Katunge,

Mimi sijazoea kuomba mtu kitu, lakini leo naomba, na usicheke mwandiko wangu, niliachia darasa la tatu na bado nimezidi wengi waliomaliza. Mimi ni Nzisa, mjane wa Mbithi, wa huku Kathonzweni, na nina farasi. Farasi, si punda, umesoma vizuri. Mzee wangu alikuwa saisi Nairobi miaka thelathini, kazi yake kulisha na kusugua farasi za matajiri, na alipostaafu wakampa mmoja jike aliyechoka mbio, wakamwambia ama aende naye ama achinjwe, akaja naye nyumbani kwa lori la mahindi na kijiji kizima kikatoka kuangalia. Anaitwa Dachesi. Jina ni la Wazungu, sikumpa mimi.

Mzee alinifundisha kumpanda nikiwa na miaka sitini na tatu, kwa sababu magoti yangu yalikuwa yamekataa kutembea, nikawa naenda kanisani juu ya Dachesi, leso imefungwa vizuri, na nikipita sokoni watu wananipisha. Viatu vyake vya chuma mzee alimpigilia mwenyewe, na kila mara utamkuta amekunja mgongo, ukwato katikati ya magoti, anasugua na tupa, mimi nilidhani ni mapenzi tu. Mwezi wa tisa mwaka jana akatuacha. Siku mbili kabla aende alinishika mkono akaniambia, "Nzisa, Dachesi asiende kwenye mawe bila viatu." Hakusema mambo ya shamba, hakusema mambo ya watoto, alisema hayo.

Nimeshika neno lake. Shida ni mjukuu wangu Ndila, amesomea mifugo chuoni na amerudi na mdomo. Ananiambia, "Susu, ng'oa hivyo viatu, Mungu aliumba farasi pekupeku." Nikamwambia hata wewe ulizaliwa pekupeku na nikakununulia viatu vya shule, mbona hukuvirudisha? Lakini Dachesi mwenyewe ameniaibisha, sasa anachechemea mguu wa mbele wa kushoto, na akisimama anauweka mbele kama mtu anayengoja kubebewa. Sielewi, maana viatu ni vile vile vya mzee, chuma bado kinene, na mimi nimevaa akala zile zile za tairi miaka kumi na sijawahi kuchechemea. Kiatu hakijaisha, unakitoa kwa nini?

Sasa nikuambie yote. Kimoja kililegea mwezi wa pili nikampeleka kwa Chege, fundi wa kuchomelea hapa sokoni, akaniambia, "Shosho, mimi ni wa milango na madirisha." Nikamwambia mlango uko na misumari na farasi iko na misumari, piga. Akapiga miwili. Ndila hajui. Nilimwambia fundi wa farasi alitoka Nairobi, na nilisema hivyo Biblia ikiwa mkononi, Mungu anisamehe.

Baada ya wiki mbili kuna mkutano wa akina mama wa kanisa kule Kalamba, na nimeshatangaza kwamba nitaingia juu ya Dachesi kwa kumkumbuka mzee. Eunice wa kwaya akasema mbele ya watu, "Nzisa, farasi yako iko na viatu nne na wewe uko na kandambili, sasa nani anapanda nani?" Wakacheka mpaka mama mchungaji. Sasa nikifika kwa pikipiki kama gunia la mbaazi, uso nitauweka wapi? Nikivua viatu nimevunja neno la marehemu, nikiviacha mguu unauma, na kwenda lazima niende. Niambie ni viatu au ni pekupeku, na usinizungushe, mimi si mtu wa kuzungushwa.

Nzisa wa Mbithi, Kathonzweni


Susu Nzisa,

Pole sana kwa mzee. Pole hiyo inatoka moyoni. Sasa tulia kidogo nikugombeze, maana naona huko kwenu hakuna anayethubutu.

Mimi sijui farasi. Nilimpigia simu fundi mmoja wa viatu vya farasi nikamsomea barua yako yote. Hakuuliza mawe, hakuuliza mchanga. Aliuliza, "Hivyo viatu vilipigiliwa lini?" Nikahesabu. Mzee alituacha mwezi wa tisa, huu ni mwezi wa nne. Miezi saba, nikamwambia, naye akaniambia nihesabu tena.

Ukwato ni kama ukucha, Susu. Unaota. Chuma hakioti. Mvalishe mtoto wa darasa la kwanza kiatu, umwache nacho mpaka darasa la nne, halafu ugeuze soli useme bado ni nzuri. Ndivyo ulivyomfanyia Dachesi. Ulipomwona mzee amekunja mgongo, alikuwa aking'oa kiatu, anapunguza ukwato, anarudisha kiatu. Kila wiki sita. Yalikuwa mapenzi, sawa, lakini yalikuwa na tupa.

Na Chege! Mtu anakuambia kwa mdomo wake ni wa madirisha, na wewe unamshikia mguu wa mnyama. Kama msumari wake umefika kwenye nyama, huenda hapo ndipo maumivu yalipo.

Jibu lako ni pekupeku, kuanzia wiki hii. Nakutumia namba ya fundi. Aving'oe vyote vinne, akate kwato, aangalie ile misumari miwili. Akiona usaha, daktari wa mifugo aje siku hiyo hiyo. Na humpandi. Si Kalamba, si kanisani, hata kuzunguka boma. Mwachilie kwenye mchanga atembee apendavyo mpaka ukwato mzuri ushuke, na hiyo ni miezi, usinipigie simu baada ya wiki.

Neno la mzee hujalivunja. Lisome tena, umeliandika mwenyewe: asiende kwenye mawe bila viatu. Basi asiende kwenye mawe. Hakusema asivue. Akipona, njia za mchanga za huko kwenu atazimudu pekupeku. Siku utakapotaka kumpandisha vilima vya mawe vya Kilungu, kwanza uwe na fundi wa kuja kila wiki sita. Kama huna, huna farasi wa viatu, na Kilungu usahau.

Ndila mwambie ukweli leo, kabla fundi hajafika, kwa sababu huyo fundi ataiona misumari ya mlango na ataisema kwa sauti. Halafu mpe tupa ya babu yake. Hata ukwato usio na kiatu hukatwa, na wewe magoti hayakuruhusu kuinama. Fundi amfundishe. Ana mdomo tayari, sasa apate mikono.

Kalamba utaenda, na utaenda kwa pikipiki. Funga leso yako vizuri, kaa wima, mwambie dereva asikimbie, ushuke kama unavyoshuka kutoka juu ya farasi. Eunice atakuuliza Dachesi yuko wapi, hata kabla hujakaa. Mwambie yuko nyumbani, amevua viatu.

Katunge